Unyayo wa Ndege: Siku Saba Ziwani Nikifuata Vyuma vya Babu

Jumatatu, Kirumba

Baba amenikabidhi sanduku la bati lenye madaftari matano, akasema, "Nenda kaangalie mwenyewe vitu hivi viko wapi sasa." Hakuongeza neno. Macho yake yana mtoto wa jicho, hasomi tena. Jumapili ndugu wote tunakutana kuamua kama karakana yetu iendelee kufua vyuma vya mitumbwi au tuizime tanuri tufungue duka la kuuza vinavyotoka nje. Mimi ndiye mtunza hesabu, kwa hiyo nitategemewa kusema kitu. Nimeomba ruhusa ya wiki moja.

Madaftari mawili ya zamani yalilowa mwaka 2020, ziwa lilipopanda likaingia hadi kwenye fuawe, lile chuma zito tunalofulia juu yake. Niliyaanika ukurasa kwa ukurasa juu ya bati, nikiweka misumari pembeni upepo usiyachukue. Wino umesambaa, lakini kuna mstari mmoja unaosomeka mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko uleule wa baba: "Ukara. Nanga 1, misumari kilo 3. Hakuna deni." Hauna jina la mtu wala bei. Nimeuhesabu mara kumi na nne, na kurasa nyingine zimeganda haziachani. Baba si mtu wa kugawa mali. Mimi mwanawe niliwahi kuchukua komeo la mlango wangu pale karakana, nikaandikwa. Nilipomuuliza juu ya kisiwa hicho cha Ukara alisema tu, "Utafika."

Kabla ya daftari la kwanza hakuna maandishi yoyote. Babu hakujua kuandika. Alichokuwa nacho ni alama: mistari mitatu ya tindo inayokutana chini, kama unyayo wa ndege kwenye matope. Aliipiga kwenye kila kichwa cha msumari mkubwa, kila bolti na kila nanga. Baba akaendelea nayo, na sasa kaka yangu anaipiga. Hiyo ndiyo nitakayoitafuta.

Asubuhi nimekaa karakana kumtazama kaka akifua, nikijilazimisha kutazama kama mgeni. Kipande cha nondo kinaingia kwenye mkaa mpaka kinapata rangi ya chungwa lililoiva. Kikiwa chekundu cha damu bado, kikiwa cheupe kimeshapitiliza. Mapigo manne upande mmoja, robo mzunguko, manne tena, na chuma cha duara kinakuwa cha pembe nne kinachochongoka kuelekea ncha. Kisha anakikata kwenye ukingo wa tindo bila kukiachanisha kabisa, anakitumbukiza kwenye tundu la mraba la bati nene, anakivunja kwa kukipinda, na ile sehemu ndogo inayobaki juu anaiponda kwa mapigo matatu. Kichwa tayari. Chuma bado kinawaka anapopiga unyayo. Niliwahi kufikiri kazi hii ni ya nguvu. Nilichokiona leo ni sikio: nyundo inabadilika sauti chuma kinapoanza kupoa, na kaka anakirudisha motoni kabla hata jicho langu halijaona tofauti.

Mchana nikateremka Mwaloni. Wanaokuja sokoni hapo kununua dagaa hawana sababu ya kutazama mitumbwi yenyewe, lakini mimi nililelewa kuitazama. Mbao zimepangwa ukingo kwa ukingo juu ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi, katikati ya ubao na ubao imeshindiliwa pamba, na juu ya pamba umepigiliwa ukanda mwembamba wa bati lililokatwa kutoka kwenye debe, misumari midogo ikifuatana kama mshono wa cherehani. Ile mikubwa ndiyo inayoshika mbao kwenye mbavu. Fundi mmoja mtu mzima, aliyekuwa amelala chini ya mtumbwi na pamba mdomoni, nilimwamkia na kumuuliza kwa nini bado ananunua wetu ilhali wa dukani ni nafuu. Alitema pamba.

"Binti, wa dukani ni wa duara. Wimbi likiupiga mtumbwi usiku kucha, msumari wa duara unajizungusha ndani ya tundu lake. Huu wenu una pembe, unauma mbao. Ukikunja ncha yake kwa ndani, hautoki mpaka ubao uoze." Akanyamaza kidogo. "Lakini vijana wanataka mtumbwi uishe kwa wiki moja. Nao hawanunui."

Hilo la pili nimeliandika pia, maana kaka zangu watalisema.

Jumanne, Bujora na Kageye

Daladala hadi Kisesa. Bujora nilifika mara ya mwisho nikiwa darasa la tano, na wakati ule nilikimbilia ngoma. Leo nimekwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mhunzi. Mvukuto wa ngozi wa kupulizia moto, koleo, nyundo za mawe na za chuma. Wasukuma walinunua majembe yao kutoka Buzinza, ng'ambo ya ghuba, kwa wahunzi wanaoitwa Warongo, na jembe lilikuwa mali ya kuolea kabla halijawa kitu cha kulimia. Mama yake babu alitoka kwa Warongo. Kwa hiyo chuma kilikuwa ukoo wetu kabla hakijawa biashara.

Kutoka hapo bodaboda hadi Kageye, kijiji kidogo cha pwani wilayani Magu. Nilikuwa nimesikia kuhusu Kageye kwa sababu ya Stanley, yule mpelelezi Mzungu, na sikuja kwa ajili yake. Nilikuja kwa ajili ya mashua yake. Mwaka 1874 aliondoka Bagamoyo na wapagazi waliobeba mashua ya mierezi iitwayo Lady Alice, iliyokatwa vipande vitano. Wakaitembeza nchi nzima mabegani. Hapa Kageye wakaviunganisha vipande, na Machi 1875 akaondoka nayo kulizunguka ziwa lote, akarudi Mei. Vitabu vinamsifu nahodha. Nami nimekaa juu ya jiwe ufukweni nikifikiri juu ya vyuma vilivyoshika kipande kwa kipande. Kimoja kingelegea katikati ya ziwa, hadithi ingeishia hapo.

Kuna nyingine ya hapahapa inayonigusa zaidi. Wamisionari wa Kianglikana nao walileta mashua yao, Daisy, na mwaka 1878 Alexander Mackay, mhandisi aliyejua kufua chuma, aliikuta Kageye ikiwa imeharibika. Akaitengeneza. Dhoruba ikaivunja tena njiani kwenda Buganda, na yeye na mwenzake wakafanya jambo ambalo fundi yeyote wa Mwaloni angelielewa mara moja: wakaikata sehemu ya katikati, wakatumia mbao zake kuziba kwingine, wakaileta omo, yaani mbele, karibu na tezi, yaani nyuma, na kuiunga upya. Mashua fupi, lakini ikaelea. Mackay alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890.

Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniuliza natafuta nini mchangani. Nikamwonyesha msumari wenye unyayo. Akaugeuza, akasema huo anaufahamu, mtumbwi wa shemeji yake ulikuwa nayo mingi, lakini uliuzwa Ukerewe miaka mingi iliyopita. Ukerewe ndiko niendako kesho.

Jumatano, Nansio

Meli zaidi ya saa tatu. Ziwa lilikuwa kama bati lililopigwa pasi. Nililala.

Shangazi, dada yake baba, ameolewa Nansio tangu sijazaliwa. Alinipokea gatini na mwavuli, akanishika mkono kama mtoto mpaka nyumbani, na baada ya ugali na sato nikafungua daftari jipya. Nilijua shangazi ndiye atakayenipa mwanzo wa habari, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika mvukuto wa babu. Kwa Warongo mwanamke hasogei kwenye tanuri la kuyeyushia. Lakini babu watoto wake wakubwa walikuwa wa kike, na mkono ulihitajika.

"Babu yako alikwenda Kisumu kijana mbichi," alisema. "Kibarua wa gati."

Meli kubwa za ziwa hili zilikuja hivyo: zinatengenezwa Uingereza, zinafunguliwa vipande vipande, vinasafirishwa kwa bahari na kwa reli hadi Kisumu, na huko vinaunganishwa upya. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. MV Victoria ilitengenezwa Glasgow, ikaunganishwa Kisumu na kushushwa majini mwaka 1960. Babu alikuwa miongoni mwa vibarua waliokuwa wakibeba, wakishikilia, wakipasha moto. Shangazi anakumbuka alivyosimulia mabati ya meli yaliyokuja na namba zilizoandikwa kwa rangi, kila kipande kikijua jirani yake. Hapo ndipo alipojifunza jambo ambalo Warongo wa kwao hawakulihitaji kwenye jembe: kwamba chuma cha chombo cha majini hakisimami peke yake. Kinashika kitu fulani na kitu kingine, na nguvu yake ni nguvu ya vyote vitatu.

Alirudi Mwanza mwaka wa mvua za Uhuru. Kuanzia 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache, mialo ikamezwa, mitumbwi ikapigwa kwenye miti na kwenye kuta za nyumba. "Watu walilia," alisema shangazi, "baba akapata kazi." Kila mtumbwi uliovunjika ulihitaji misumari. Alianza chini ya mwembe, na fuawe ya kwanza ilikuwa kipande cha chuma kizito alichokiviringisha mwenyewe kutoka jalalani. Shangazi alivuta mvukuto akiwa na miaka kama tisa. Akanionyesha kovu la cheche kwenye kiwiko, dogo, la mviringo, leo limekuwa jeupe. Alilifunika haraka kwa kanga kama mtu aliyeonyesha kitu cha thamani sana.

Nikamuuliza kuhusu mstari wa Ukara. Alitazama dari.

"Hilo la baba yako. Kesho panda kivuko."

Alhamisi, Ukara

Kutoka Nansio hadi Bugolora kwa gari, kisha kivuko. Abiria wengi wanakaa kimya chombo kinapokaribia Bwisya. Tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati hilo, MV Nyerere ilipinduka na zaidi ya watu 200 wakafa. Mama mmoja jirani yangu alivua kandambili zake na kushuka pekupeku. Sikumuuliza. Nami nilisimama kidogo penye makaburi kabla ya kuendelea.

Ukara ni kisiwa cha mawe na mashamba yaliyotunzwa kama bustani, kila kipande cha ardhi kina kazi. Nilikuwa na jina la kijiji tu, alilonipa shangazi wakati naaga. Pale mwaloni nikafanya nilivyofanya kote, nikapita mtumbwi hadi mtumbwi nikitazama vyuma. Mtumbwi wa tano ulikuwa mpya, rangi yake ya bluu bado inang'aa, mbao zina harufu ya msumeno. Lakini omoni, pale kamba ya nanga inapofungwa, kulikuwa na bolti ya pete nyeusi, nene, imelika upande mmoja kwa kusuguliwa na kamba mpaka pete imekuwa nyembamba kama kidole changu kidogo. Nikaisugua kwa kanga. Mistari mitatu, inakutana chini.

Si ya kaka, wala si ya baba. Baba anapiga mstari wa katikati mrefu kuliko mingine. Huu ulikuwa sawa kwa sawa, na mzito, wa mtu aliyepiga mara moja tu na kuridhika. Shangazi alinieleza jana tu: babu hakurudia pigo la alama.

Mwenye mtumbwi, fundi wa makamo, alikuja kuona nani anasugua chombo chake. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Alikaa chini kwenye mchanga pale pale.

"Mtumbwi huu ni wa nne kwa pete hiyo," alisema. "Wa kwanza ulikuwa wa baba. Mtumbwi ukioza tunaufungua, mbao tunachoma, chuma kinaingia kwenye mwingine. Hiyo pete mimi nimeikuta, na mwanangu ataikuta."

Nilikuwa nimeitafuta historia ya karakana kwenye madaftari, na kwenye madaftari kuna mauzo tu. Kitu kikishauzwa mstari unapigwa, kimekwisha. Huku ziwani hakijaisha. Mbao za mtumbwi zinakaa miaka kadhaa, zikitunzwa sana labda kumi, lakini chuma kinahama kama mke wa kurithiwa enzi zile, nyumba hadi nyumba. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi, kutu haina haraka kama ya Pwani. Kuna bolti za babu zinazofanya kazi leo ambazo sisi tulishazifuta kwenye akili zetu.

Kisha akaniambia, "Twende kwa mama. Amekungoja siku nyingi, ila hakujua kama ni wewe."

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, anachambua dagaa kwa vidole bila kuwatazama. Nilipiga goti, shikamoo. Aliniita mjukuu kabla sijasema mimi ni nani. Nilipotaja Kirumba, aliingia ndani, akakaa muda, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililojaa vifungo, nyuzi na sindano. Kutoka chini kabisa ya kopo akatoa kipande cha bolti. Nusu bolti. Ina kichwa, ina unyayo wa ndege wenye mstari mrefu wa katikati, halafu inakatika ghafla, kama muwa.

Alichonisimulia nakiandika kwa ufupi, maana yeye alikisema kwa ufupi. Ilikuwa miaka ya shida, baada ya vita vya Kagera, sabuni inapangiwa foleni, chuma hakipatikani kwa njia yoyote. Sangara nao ndio walikuwa wameanza kujaa nyavu; samaki huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950, lakini miaka ya 1980 ndipo alipobadilisha kila kitu. Mwenye injini alikuwa tajiri. Mumewe alikuwa ameuza ng'ombe na kukopa kwa nduguze akanunua injini, na mabano ya kuifungia kwenye tezi aliyatengenezea kwetu, yenye bolti nne. Mwezi haujaisha, usiku, upepo wa kusi, bolti mbili zikakatika kwa pamoja. Injini ikang'oka, ikazama ikiwa bado inawaka. "Alisema ilikuwa inapiga kelele chini ya maji," bibi alisema. Wao wawili walipiga makasia kwa mbao za kukalia mpaka alfajiri. Hakufa mtu.

Bolti moja ilibaki kwenye mabano. Mumewe aliituma Mwanza kwa mtu wa dagaa, bila barua.

Baada ya siku nne baba akaja. Alikuwa kijana, hajaoa. Alilala kwao usiku mbili. Hakujitetea. Alisema, "Chuma ni changu, hasara ni yangu," na kwa kuwa hakuwa na bei ya injini, alileta ng'ombe watatu, wale waliokuwa wametengwa kwa ajili ya mahari. Kilichobaki akaahidi kukilipa kwa kazi. Na kila mwaka, mwanzoni mwa msimu, zikaja nanga na misumari kilo tatu. Mumewe alipoona inatosha alituma neno: deni limekwisha. Nanga zikaendelea kuja. Mumewe akafariki kwa uzee. Nanga ikaja hata mwaka ule.

Mimi najua wazazi wangu walichumbiana muda mrefu. Mama alikuwa akisema kwa tabasamu kwamba baba alimchelewesha misimu miwili mpaka wajomba wakaanza kumtafutia mwingine. Hakuwahi kusema kwa nini. Nilikaa pale kivulini na nusu bolti mkononi, nikashindwa kuandika.

Bibi alinisukumia sahani ya dagaa wabichi nimsaidie kuchambua. Tukachambua mpaka jua likapungua.

Ijumaa, njiani kurudi

Kivuko, gari, meli. Upepo mkali mchana, watu walitapika. Nusu bolti ninayo. Bibi alisema nimpelekee mwenyewe.

Nimesoma tena madaftari kwa jicho jingine. Mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, kuna kurasa nne hazina mauzo kabisa isipokuwa mstari wa Ukara.

Jumamosi, Buzinza

Nilitaka kuona Warongo wa bibi mzaa babu, kwa hiyo nikavuka ghuba kwenda Sengerema. Utotoni kuvuka kati ya Kigongo na Busisi kulikuwa kusubiri kivuko nusu siku, mihogo ya kuchemsha, jua. Sasa gari linapita juu ya Daraja la JP Magufuli, kilomita tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Nilichungulia dirishani nikitafuta vile vyuma vya daraja kwa macho ya ukoo wangu, na kabla sijamaliza tulikuwa ng'ambo.

Jamaa niliowakuta hawayeyushi chuma tena. Majembe ya kutoka viwandani yaliimaliza kazi hiyo zamani. Wananunua chuma chakavu kwa kilo kama sisi. Lakini mjomba mmoja mzee sana alinipeleka nyuma ya migomba akanionyesha tundu la ardhi lililozungukwa na mabonge meusi yanayong'aa, mepesi kuliko yanavyoonekana: mavi ya chuma, mabaki ya tanuri. Nilimwonyesha nusu bolti. Hakuuliza imetoka wapi. Aliishika kwenye mwanga, akatazama pale ilipokatikia.

"Aliyeifanya alikuwa na haraka," alisema. "Au alikuwa hana chuma."

Nikamwambia vyote viwili. Akanieleza nilichokuwa nikikisikia karakana bila kukisikiliza. Chuma laini cha nondo ukikivuta kinarefuka, kinapinda, kinakupa taarifa. Chuma kigumu cha springi kinafaa panga na tindo. Ukikifanya bolti, kisha ukakichovya majini kikiwa chekundu na usikirudishe kwenye moto mdogo kupunguza ukali wake, kinakuwa kama glasi. Kwa macho kinapendeza kuliko kile laini. Siku ya kukatika hakitoi taarifa.

Jumapili, Kirumba

Nimefika asubuhi. Kaka zangu wote watatu walishafika, chai ipo mezani, mahesabu ya duka yameandikwa kwenye karatasi kubwa na mdogo wetu wa mwisho, na ni mahesabu mazuri, siwezi kusema uongo. Bolti za nje zimepakwa zinki, zina kipimo kimoja, kontena moja linatosha mwaka. Misumari ya kaka inachukua siku nzima kwa kilo chache. Ukitazama karatasi ile peke yake hakuna la kubishana.

Baba alikuwa nje kwenye benchi la karakana, mgongo ukutani, uso juani. Nilimwamkia, nikamweka nusu bolti kiganjani.

Hakuuliza ni nini. Kidole gumba kilienda moja kwa moja juu ya kichwa, kikaupata unyayo, kikafuata mstari mrefu. Halafu kikageuka upande wa pili, pale ilipokatikia, na kikabaki hapo. Niliona kikitembea taratibu juu ya zile chengachenga, kwenda na kurudi.

"Springi," alisema. "Springi ya lori. Nyuma, ile ya tatu kutoka juu. Nilikuwa nimebakiwa na hiyo tu." Alimeza mate. "Niliichovya ziwani pale pale, nikaona imekuwa na rangi nzuri ya kijivu, nikasema kazi imekwenda vizuri."

Kaka mkubwa alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Wengine wakaja nyuma yake. Hakuna aliyewahi kusikia habari hii. Nikawaeleza kwa sauti niliyoijua ni ya shangazi: Kisumu, mvua za Uhuru, pete ya babu iliyo kwenye mtumbwi wa nne, ng'ombe watatu. Mdogo wetu aliuliza pete hiyo inaweza kukaa muda gani zaidi. Nikamwambia mwenyewe anatarajia kumwachia mwanawe.

"Bibi mzima?" baba akauliza.

"Mzima. Anachambua dagaa bila kutazama."

Aliitikia kwa kichwa. Akakaa. Kisha akasema, "Nanga ya mwaka huu haijaenda. Mimi sioni tena kuandika, na hakuna aliyekumbuka."

Kwa kweli hakuna aliyekumbuka, na mimi ndiye mtunza hesabu. Nilikwenda ndani nikaleta daftari jipya, lile ambalo halijawahi kulowa, nikakaa karibu yake kwenye benchi nikaandika tarehe, na chini yake: Ukara. Nanga 1, misumari kilo 3. Hakuna deni.

Kaka aliweka kikombe dirishani, akaenda kuwasha mkaa.